Namna ya kumpima mwandishi wa tenisi kabla hujamwamini

Kosa lililonifundisha zaidi kuhusu uandishi wa tenisi nililifanya mwenyewe. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye dawati la michezo, ripoti ya shirika la habari ikaingia kwa Kiingereza ikisema mchezaji fulani 'retired' akiwa nyuma kwa seti moja; kwenye tenisi neno hilo ni kuacha mechi katikati, nje ya tenisi ni kustaafu. Usingizi umenikaba, zimebaki dakika tisa ukurasa ufungwe, nikaandika kichwa cha habari: amestaafu tenisi. Kumbe mchezaji huyo alikuwa amevutika msuli wa paja, akampa mpinzani mkono, akaenda kukandwa. Siku kumi baadaye alikuwa uwanjani anacheza kama kawaida. Mhariri wangu hakunigombeza. Alikikata kile kichwa cha habari kwa mkasi, akakibandika juu ya kompyuta yangu, na hapo kikakaa mpaka nilipohama dawati.

Kwa hiyo maswali ninayokupa hapa nilianza kwa kujiuliza mwenyewe kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Baadaye ndipo nikaanza kuwauliza wengine, kimyakimya, kila niliposoma kazi zao.

Anza na maneno madogo

Msomaji wa Kiswahili ana bahati moja: anayetafsiri bila kuelewa hujianika mapema. Nimewahi kukutana na 'mahakama ya udongo' mahali palipotakiwa uwanja wa udongo, kwa kuwa 'court' ya Kiingereza ina maana zote mbili. Nimekutana na 'mbegu namba tatu' ('seed', yaani mchezaji aliyepangwa wa tatu), na siku moja nikacheka hadi machozi kwa 'kumi na tano kwa upendo' ('love', yaani sifuri). Huyo usihangaike naye, ameiachia mashine kazi.

Mgumu kumgundua ni yule anayeyajua maneno lakini hajui uzito wake. Angalia anavyoeleza jinsi mchezaji alivyotoka mashindanoni. Kuacha mechi katikati ni kushindwa, na kunaingia kwenye rekodi ya wachezaji hao wawili. Kutotokea kabisa ni jambo jingine: mpinzani anapewa ushindi wa mezani, anasonga mbele, lakini kwenye rekodi yao hakuna kilichoongezeka. Mwandishi akikuambia fulani amemfunga mwenzake mara nne na mojawapo ni ya mezani, hesabu yake ina walakini.

Vivyo hivyo kwenye kupangwa. Mashindano manne makubwa (Australian Open, Roland Garros ya Paris, Wimbledon ya London na US Open ya New York) hupanga wachezaji 32 ili wakali wasikutane mapema, na namba hiyo si lazima ilingane na nafasi ya mtu kwenye orodha ya ubora. Wakijitoa wawili walio juu yake, wa tano anapangwa wa tatu. Wengine huingia kupitia mechi za mchujo, wengine kwa mwaliko wa waandaaji. Goran Ivanišević alipotwaa Wimbledon 2001 alikuwa wa 125 duniani na alikuwa ameingia kwa mwaliko. Emma Raducanu alipotwaa US Open 2021 alikuwa wa 150, akapitia mchujo, akashinda mechi 10 bila kupoteza hata seti moja. Wengi waliandika kwamba binti ameibuka kutoka kusikojulikana. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amefika raundi ya nne Wimbledon. Aliyekuwa akifuatilia alilikumbusha hilo, na aliyewasha televisheni siku ya fainali akaona muujiza.

Mpeleke kwenye hesabu

Ukitaka kipimo kimoja cha haraka, tafuta alichoandika mtu huyo Julai 2022. Novak Djokovic alitwaa Wimbledon mwaka ule, na orodha mpya ilipotoka akashuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7. Bingwa wa wanawake, Elena Rybakina, alibaki pale pale, wa 23. Mtu asiyeelewa orodha ataandika kwamba kuna hitilafu, au kwamba nyota ya Djokovic inafifia. Sababu yenyewe ni hii: Wimbledon ilikuwa imewazuia wachezaji wa Urusi na Belarus, nao ATP na WTA, vyombo vya tenisi ya wanaume na ya wanawake, wakajibu kwa kutotoa pointi zozote kwa mashindano yale. Orodha inahesabu wiki 52 zilizopita. Pointi 2,000 alizopata Djokovic kwa ubingwa wa 2021 zilidondoka, na hakukuwa na chochote cha kuziba pengo. Aya moja fupi inatosha kulieleza hilo, na ukiikuta aya hiyo ujue umepata mtu.

Kuna hesabu nyingine inayowapiga chenga wengi, ya rekodi. Margaret Court ana mataji makubwa 24 ya mchezaji mmoja mmoja, Serena Williams ana 23. Lakini 13 ya Court aliyapata kabla ya 1968, mwaka ambao wachezaji wa kulipwa waliruhusiwa kushiriki mashindano hayo. Neno 'rekodi' bila kusema inaanza kuhesabiwa lini ni neno tupu, na mimi nililiandika tupu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Sasa takwimu za mechi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Tenisi ni mchezo ambao unaweza kushinda pointi nyingi zaidi ukapoteza mechi, kwa sababu pointi hazina thamani sawa. Chukua fainali ya Wimbledon 2019. Roger Federer alishinda pointi 218, Djokovic 204. Federer alikuwa anaongoza 8-7 katika seti ya tano, sevu (mpira wa kuanzisha pointi) ni yake, 40-15, yaani nafasi mbili za kumaliza kazi. Zote zikapotea. Djokovic akachukua ubingwa 13-12, na seti zote tatu alizoshinda zilimalizika kwa taibreki, yaani gemu ya pekee ya kuamua seti iliyolingana. Ripoti inayosema 'Djokovic alimzidi Federer' haikuisoma mechi ile. Ripoti inayosema 'Federer alikuwa bora ila hakuwa na bahati' nayo haikuisoma. Ninachotafuta ni mwandishi anayeniambia ni wapi pointi zile 14 za ziada zilikwenda, na kwa nini hazikununua kitu. Nyingi zilimiminika kwenye seti ya pili na ya nne, ambazo Federer alishinda 6-1 na 6-4, na pointi ya ziada ukiwa unaongoza kwa mbali haibebwi kwenda seti inayofuata.

Miaka tisa kabla ya hapo, kwenye uwanja namba 18 wa Wimbledon huo huo, John Isner na Nicolas Mahut walicheza saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu, seti ya mwisho ikaisha 70-68. Mahut, aliyeshindwa, ndiye aliyepata pointi nyingi: 502 kwa 478.

Federer mwenyewe aliliweka wazi jambo hili alipohutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth mwaka 2024. Katika mechi 1,526 za mchezaji mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizoshinda ni asilimia 54 tu. Kwa hiyo mwandishi akikutajia tofauti ya pointi 3 kama ushahidi kwamba mmoja alitawala, muulize moyoni: zilikuwa pointi zipi?

Tahadhari na safu ya makosa ya kujitakia. Inaonekana kama kipimo cha mashine, ila mara nyingi ni mtu ameketi na kuamua kwamba mpira huu ulikuwa rahisi na ule ulikuwa mgumu. Mwenzake kwenye mashindano mengine anaweza kuamua tofauti. Kulinganisha makosa 40 ya Paris na 25 ya New York ni kulinganisha hukumu za mahakimu wawili. (Hapo ndipo ile mahakama ya udongo ingefaa.)

Funika majina

Hili ni zoezi nililokuwa nawapa vijana waliokuja dawatini kujifunza. Chukua ripoti ya mechi, funika majina kwa kidole, kisha soma. Sentensi kama 'alionyesha moyo wa simba na kukataa kushindwa' inafaa mechi yoyote iliyowahi kuchezwa. Linganisha na hii: 'Kuanzia seti ya pili alisimama hatua mbili nyuma zaidi kupokea sevu ya pili, akapata muda wa kuuzungusha mpira juu, na mpinzani akaanza kuupigia usawa wa bega kwa mkono wa nyuma.' Hiyo haihamishiki. Aliyeiandika alikuwa anatazama miguu ya mchezaji badala ya ubao wa matokeo.

Hesabu sentensi zisizohamishika. Ripoti nzuri ya maneno 600 ikiwa nazo nne, mimi naridhika.

Aliyaona wapi, aliyasikia kwa nani

Mashindano makubwa huanza na wachezaji 128 kwa wanaume na 128 kwa wanawake, mechi nyingi zikichezwa kwa wakati mmoja. Hakuna anayeziona zote. Waandishi wengi hutazama kwenye skrini za chumba cha habari, na si aibu, ilimradi mtu asijifanye alikuwa ameketi mstari wa kwanza. Kauli za wachezaji nazo usizichukue kama dalili ya ukaribu. Kwenye mashindano makubwa mikutano na waandishi hunakiliwa neno kwa neno, na nakala hugawiwa kwa wote. Tofautisha 'alisema' na 'aliniambia'. Anayeandika la pili kwa maneno yaliyo kwenye nakala ya wote, mweke kwenye orodha yako nyeusi.

Mfano ninaoupenda wa uaminifu ni wa gazeti la Ufaransa, L'Équipe, Februari 2022. Lilipata mahojiano na Peng Shuai, mchezaji wa China ambaye dunia ilikuwa ikiuliza usalama wake baada ya ujumbe wake wa Novemba 2021, uliomtuhumu kiongozi wa zamani wa serikali kumlazimisha kingono, kufutwa mtandaoni. Gazeti lilichapisha mahojiano, na likawaambia wasomaji kwamba maswali yalitumwa mapema na kwamba ofisa wa kamati ya Olimpiki ya China ndiye aliyeketi pale kutafsiri. Msomaji akaachiwa apime mwenyewe kila jibu lina uzito gani.

Je, lazima awe amecheza? Inasaidia. Bud Collins wa Boston Globe alishinda taji la Marekani la uwanja wa ndani la wawili mchanganyiko mwaka 1961, na Mary Carillo alitwaa Roland Garros 1977 katika wawili mchanganyiko akiwa na John McEnroe, kabla ya kuwa sauti ya kuaminika ya televisheni. Lakini nimehariri safu za wachezaji wa zamani ambazo zilikuwa salamu kwa marafiki tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachonisumbua zaidi ni maslahi. Mtangazaji anayemfundisha mchezaji, au anayelipwa na waandaaji, anaweza kuwa mjuzi kuliko sote. Anachodaiwa ni kusema.

Siku ya kashfa

Tenisi ikiwa shwari kila mtu anaonekana mjuzi. Subiri siku mambo yanapochafuka. Fainali ya US Open 2018, Serena Williams dhidi ya Naomi Osaka, ilizaa maelfu ya maoni, na machache yalieleza ngazi ya adhabu: kosa la kwanza onyo, la pili pointi, la tatu gemu. Mwamuzi Carlos Ramos alimpandisha Serena ngazi hiyo hatua kwa hatua: kufundishwa kutoka jukwaani, kuvunja raketi, kumtolea mwamuzi maneno. Kocha wake, Patrick Mouratoglou, alikiri kwamba alikuwa anatoa maelekezo. Baada ya hapo mwandishi ana haki ya kusema adhabu ilikuwa kali mno au ilistahili, lakini aanze na ngazi.

Suala la Jannik Sinner, mchezaji wa Italia, ni gumu zaidi. Agosti 2024 ilitangazwa kwamba vipimo vyake viwili vya Machi vilionyesha klostebol, dawa iliyopigwa marufuku michezoni, na jopo huru likasema hakuwa na kosa wala uzembe. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, ikakata rufaa. Februari 2025 pande hizo zilikubaliana kifungo cha miezi mitatu, WADA ikikubali kwamba hakukusudia kudanganya lakini mchezaji anabeba uzembe wa watu wake. Aliyeandika 'amesafishwa' na akaishia hapo, na aliyeandika 'amefungiwa kwa dawa' na akaishia hapo, wote wamekupa nusu mkate.

Daftari

Utabiri usiupime, kila mtu hukosea. Chagua mwandishi mmoja na mechi moja ya raundi ya pili, isiyo na nyota wakubwa. Itazame yote. Andika mambo matano uliyoyaona, kisha ndipo usome ripoti yake.

Nilifanya hivyo na mwandishi mmoja ambaye, kusema kweli, sikumpenda kwa majivuno yake. Mambo manne kati ya matano yangu yalikuwemo. La tano niliandika kwamba mchezaji alipata nguvu za ghafla gemu ya 8, sevu ikaongezeka kasi, nikadhani ni hasira. Yeye aliandika maneno mawili tu: mipira mipya. Mipira hubadilishwa baada ya gemu 7 za kwanza, kwa kuwa ile ya kupasha misuli huhesabiwa kama imetumika gemu 2, kisha kila baada ya gemu 9. Nilirudisha mkanda nyuma nikatazama tena. Mchezaji aliinua mpira juu kumwonyesha mpinzani kabla ya kusevu, kama desturi inavyotaka, na mimi nilikuwa nimeinama naandika kuhusu hasira zake.