Somo: Skafu ya kumfumia rafiki anayehamia baridini

Somo la leo la kikundi chetu cha kufuma ni la skafu, na nimelielekeza kwa mtu mmoja: rafiki aliyezaliwa na kukulia Tanga, ambaye barua ya uhamisho imempangia Makete, mkoani Njombe. Juni na Julai kule juu, pembeni mwa hifadhi ya Kitulo, umande huganda ukawa mweupe juu ya nyasi, na mtu wa pwani huanza kujifunga khanga mbili mbili. Mtu huyu hatuhitaji kumwonyesha ufundi wetu wote. Anahitaji kitu atakachokitwaa mlangoni kila asubuhi bila kufikiri.

Hatua ya 1: Mpeleleze

Tazama anavaa rangi gani siku za kawaida, si siku ya harusi. Wewe unapenda njano? Hiyo ni yako. Kama makoti yake yote ni ya kijivu na buluu, mfumie rangi itakayokaa nayo vizuri. Kama anavaa hijabu, skafu nene shingoni itambana. Afadhali shali ya upana wa sentimita 45 hivi ya kujitupia mabegani. Nimechagua skafu badala ya kofia kwa sababu ya nywele pia. Mwenye rasta nene leo atakuwa na nywele fupi mwezi ujao, na kofia moja haiwezi kutosha vichwa vyote viwili.

Jambo la kupeleleza zaidi ni nani atakayeifua, na kwa namna gani. Hapo ndipo zawadi nyingi nzuri hufia.

Hatua ya 2: Uzi na sindano

Sufu ina joto kuliko nyuzi nyingi, na hata ikipata unyevu haimwachi mtu akitetemeka. Lakini ukiitia maji ya moto na kuisugua, nyuzi zake hushikana na skafu inaingia, haitanuki tena. Akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani, hufuliwa kwa urahisi, haiingii, na bei yake inabebeka. Adui yake ni pasi. Pasi ya moto ikipita juu yake mara moja tu, hulegea na kung'aa, na hapo basi. Kwa rafiki atakayefua pamoja na nguo nyingine kwenye beseni moja, mimi nachagua akriliki laini bila kusita.

Unene uwe wa kati, wa sindano namba 4, yaani milimita 4. Uzi mnene sana unachelewa kukauka, na kwenye ukungu skafu ya namna hiyo itashinda kambani siku kadhaa. Skafu ya sentimita 20 kwa 170 hula gramu 200 hadi 250. Nunua uzi wote siku moja, na usome karatasi iliyozungushwa kwenye kila donge: namba ya mkupuo wa rangi, yaani ya uzi uliotiwa rangi kwa pamoja, ifanane. Nyekundu mbili za mikupuo tofauti zinafanana dukani, zikifika juani zinaachana.

Hatua ya 3: Kipande cha majaribio

Anza vitanzi 30, fuma hadi urefu wa sentimita 12, kisha weka rula katikati na uhesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Ukipata 20, upana wa sentimita 20 unataka vitanzi 40. Ukipata 24, unataka 48. Mkono wako si mkono wangu, kwa hiyo usichukue hesabu yangu ukaanza nayo. Kipande chenyewe kisugue shingoni mwako, chini ya sikio. Kikikuwasha wewe, na yeye kitamwasha.

Hatua ya 4: Kufuma

Fuma kitanzi cha kawaida, kile ambacho uzi hukaa nyuma ya sindano, kila mstari, kwenda na kurudi. Najua wengi wenu mnapenda kupishanisha mstari wa kawaida na mstari wa kugeuza, ule ambao uzi hukaa mbele, kwa sababu uso unatoka laini, lakini kitambaa hicho hujikunja pembeni, na skafu inaishia kuwa kama bomba. Cha kawaida pande zote mbili kinatulia, na hakina ndani wala nje, jambo zuri kwa kitu kinachojizungusha shingoni.

Sasa njooni karibu hapa kwenye pembe. Mwanzo wa kila mstari, uzi ukiwa mbele ya sindano, hamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma. Pitisha uzi nyuma katikati ya sindano mbili, usiuzungushe juu ya sindano, kisha endelea na kitanzi cha pili. Pembeni patatoka msuko safi kama mnyororo. Uzi ukipita juu ya sindano, unajiongezea kitanzi bila kujua, na ndiyo sababu skafu za wanaoanza hupanuka kadiri zinavyoendelea. Hesabu vitanzi kila baada ya mistari kumi.

Donge likiisha, unganisha jipya pembeni, si katikati, na uache ncha za sentimita 15.

Hatua ya 5: Kufunga na kuficha ncha

Funga vitanzi kwa mkono mlegevu, au tumia sindano ya namba kubwa zaidi kwa mstari huo wa mwisho. Ncha zipitishe kwa sindano butu ndani ya vitanzi, ziende upande mmoja kisha zirudi, ndipo ukate. Fundo peke yake halitoshi.

Hatua ya 6: Iogeshe kabla ya kuitoa

Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, bila kukamua. Izungushe ndani ya taulo, uikandamize, kisha uitandaze bapa kivulini ukiivuta iwe na kipimo chake. Ukiianika kambani ikiwa imelowa, uzito wa maji utairefusha.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Ikunje, uifunge kwa kitambaa au karatasi ya kawaida. Ndani weka mita chache za uzi uleule kwa ajili ya kurekebishia, na kikaratasi: "Maji ya uvuguvugu. Usikamue. Usipige pasi. Tandaza." Mpe kabla ya safari, kwa mikono miwili, na useme kwa ufupi: "Nimekufumia hii ya baridi ya kule." Usimtajie bei ya uzi wala usiku uliokesha, ukifanya hivyo umempa na deni. Wengi wetu tumezoea kufungua zawadi aliyeileta akishaondoka, basi usimlazimishe aivae mbele yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Moshi: Mwalimu, uzi umeniishia na bado sentimita 20, na dukani mkupuo ule haupo tena. Nifanyeje?

Jibu: Pole dada. Usiongeze rangi ya kubahatisha upande mmoja. Chukua rangi tofauti kabisa, fuma sentimita 10 upande ulioishia, kisha nenda upande ulioanzia, okota vitanzi pembeni na ufume sentimita 10 nyingine. Itaonekana ilipangwa hivyo tangu mwanzo.

Mwanachama wa Mombasa: Shoga yangu haendi kokote, anakaa hapahapa kwenye joto. Nimfumie nini?

Jibu: Pamba, na si ya shingoni. Kitambaa cha meza au mkoba wa sokoni atautumia kila siku. Mkoba ufume kwa kubana, maana pamba hulegea ikibeba mzigo.

Mwanachama wa Mbeya: Nilimpa rafiki sweta mwaka jana, sijawahi kumwona nalo. Nimuulize?

Jibu: Usimuulize, mama. Huenda halimtoshi, huenda analivaa nyumbani, huenda kampa mdogo wake. Ni lake. Unachoweza kufanya ni kumwuliza kabla ya kazi nyingine anapenda kuvaa nini siku hizi, na umsikilize anavyojibu.

Mwanachama wa Dodoma: Tangu nilipotoa moja, kazini kila mtu anasema "na mimi nifumie". Nakataaje bila kuudhi?

Jibu: Waambie walete uzi, kisha utaje siku ya kuwafundisha. Anayetaka kweli atakuja na donge lake na sindano za namba 4, na kikundi kitapata mwanachama. Asiyeleta uzi, usimfumie.