Namna ya Kusafirisha Gari la Kale la Michezo Bila Kuliharibu

Gari la kale la michezo lisiburutwe kwa kamba, wala lisiinuliwe upande mmoja. Lipakiwe zima juu ya brekidauni ya jukwaa au trela. Giaboksi ya otomatiki hupata oili kutoka kwa pampu inayozungushwa na injini, hivyo magurudumu yanayopokea nguvu yakizunguka barabarani injini ikiwa imezimwa, giaboksi huungua.

Kwa maoni yangu, wakati wa kuogopa zaidi ni ule wa kupakia. Jaguar E-Type, iliyotoka mwaka 1961, ina pua ndefu inayokaribia ardhi, na ngazi fupi ya kupandia itaikwangua kabla tairi halijapanda. Refusha ngazi kwa mbao imara ili mwinuko uwe mdogo. Gari livutwe polepole kwa winchi, yaani mashine inayokunja waya ili kuvuta mzigo, huku mtu akiwa amechutama pembeni, mbali na waya, akitazama kwanza pua, kisha tumbo pale magurudumu ya mbele yanapovuka ukingo wa jukwaa, na mwishowe bomba la moshi. Ndoano ifungwe kwenye sehemu ya chesisi iliyowekwa kwa ajili ya kuvutia, kamwe si kwenye bampa. Katika Lotus Elan, kwa mfano, bodi ni ya faibaglasi iliyokaa juu ya chesisi ya chuma, na faibaglasi hupasuka ikibebeshwa nguvu hiyo.

Likishapanda, vuta breki ya mkono, weka vizuizi, kisha funga kila tairi kwa mkanda unaopita juu yake, bila kuupenyeza kwenye spoki. Mkanda unaokaza bodi hugandamiza springi, na kwenye shimo la kwanza hulegea na kuvuta tena kwa kishindo, ilhali gari lililoshikwa kwa matairi hunesa kwa springi zake lenyewe. Turubai liache nyumbani, kwani likipigwa na upepo husugua rangi kuliko vumbi lenyewe.

Kwenye trela, uzito uelemee kidogo mbele ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya trela, la sivyo trela huyumba. Porsche 911, yenye injini nyuma, huenda ikafaa kupakiwa kinyumenyume. Baada ya kilomita chache za kwanza, simama ukaze mikanda upya, na wakati wa kushusha, usiifungue kabla winchi haijalishika gari.