Unatafuta Subaru STI au Forester XT ya mtumba? Ikute injini imelala

Wakuu, naona vijana wengi wanatafuta hizi gari, na wengi wanaangalia rimu, spoila na mlio wa egzosti, injini wanaisikiliza dakika mbili wanatoa hela. Naomba we uanze na injini, tena uikute ya baridi.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Nenda saa moja asubuhi, fungua boneti, gusa radieta na injini yenyewe, ikiwa ya moto mwambie utarudi kesho. Mi niliikuta Forester ina joto, dalali akasema kaisogeza tu getini, nikamwamini kwa sababu ilikuwa imeoshwa inang'aa. Wiki ya tatu ikaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili, na nikija kuiwasha asubuhi inagonga kama mtu anapiga kopo alafu ikipata moto inanyamaza. Fundi alipofungua akanionyesha pistoni namba 4, ile kingo iliyo kati ya ringi na ringi imemeguka kipande kama punje ya mchele. Injini ikiwa ya moto huwezi kuujua huo ugonjwa kwa sikio.

Kwaiyo jua unanunua injini gani. EJ207 ya STI ya Japani ni cc 1994, na pistoni zake zinavumilia zaidi. EJ255 na EJ257 ni lita 2.5, ndo zipo kwenye Forester STI ya SG9 (hiyo ni kodi ya modeli) na ile Impreza hachibeki ya otomatiki inayoitwa A-Line, na hizi ndo zinajulikana kwa kumegua hizo kingo, hasa mafuta yakiwa ya oktani ndogo au gari ikiwa imefanyiwa remapu, yaani kubadilishwa programu ya kompyuta ya injini, na mtu wa kubahatisha. Ukikuta inteki kubwa, dampu valvu (ile inayotoa presha ya tabo ukiachia mafuta) inayopumulia nje, na mwenye gari hajui nani kaitengeneza, mi hiyo naiacha hata bei iwe nzuri vipi.

Kabla ya kuwasha vuta dipstiki. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, hapo naogopa sana, maana beringi za konrodi (mkono unaoshika pistoni) za hizi injini hazisamehi kukosa oili. Angalia na tanki la maji, kisha waambie wawashe we umesimama nyuma kwenye egzosti. Moshi wa bluu ni oili, mweupe mzito usioisha ni maji. Mapovu yanayopanda mfululizo kwenye tanki la maji huku injini inanguruma, jua gasketi ya hedi imeondoka.

Iendeshe dakika 20 bila fujo. Ikishapata moto, simama, kanyaga mafuta kidogo kidogo ukiachia, sikiliza kwa chini. Mlio mzito wa kugonga unaofuata mafuta ni konrodi, usikubali kuambiwa ni valvu tu. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka, upepo ukisukuma kwa nguvu na moshi unapiga kama wa treni, ringi zimechoka.

Alafu pima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, hili usilisamehe. Fundi atalalamika kwa sababu plagi za hizi injini za boksa, zenye silinda zilizolala, zipo ubavuni, zinabanana na bodi, mlipe tu. Plagi zote nne zitoke, betri iwe nzima, mguu ukanyage mafuta mpaka mwisho. Usihangaike sana na namba yenyewe, angalia zinavyokaribiana, tatu zikiwa sawa moja imeanguka basi hiyo moja ndo itakulaza barabarani.

Taimingi belti uliza ilibadilishwa lini, inatakiwa kila kilomita 100,000, ikikatika pistoni zinapiga valvu. Hamna risiti wala stika? Weka gharama ya belti, tensheni na pampu ya maji kwenye bei mnayoongea, alafu siku unayoichukua mwaga oili yote weka mpya kabla hujaipeleka popote.