SOMO: Kuosha na kutunza turubai la gari la wazi bila kuliua

Wakuu habari za jumapili. Naandika hii kitu mara moja ili kila anayeniuliza nimtumie linki tu, maana haipiti wiki sijapata meseji tatu nne za swali lile lile, "mkuu softitopu yangu (yaani turubai) imepauka nioshe na nini". Nina BMW E46 ya turubai, huu mwaka wa sita nipo nayo hapa Dar, na turubai ni lile lile ilikuja nalo toka Japani, masika ikipiga usiku kucha asubuhi siti kavu. Siyo bahati, ni matunzo.

Kwanza jua lako ni la aina gani. Pitisha kidole, ukiona nyuzi zimefumwa hilo ni la kitambaa, ukikuta ngozi laini yenye vinundu kama siti ya daladala hilo ni vinaili, wengine mnaita reksini. La kitambaa lina tabaka tatu, juu kitambaa chenyewe, katikati mpira mwembamba, ndani kitambaa kingine. Anayezuia maji hasa ni ule mpira wa katikati, kitambaa cha juu kazi yake ni kupambana na jua na vumbi. Shika hapo, ukielewa hilo utaelewa kwa nini mengine yote nayasema.

1. Gari kivulini, turubai limefungwa, vioo vyote juu. Ukigusa likawa la moto subiri lipoe, sabuni ikikaukia juu ya kitambaa una kazi nyingine.

2. Toa vumbi likiwa kavu, vakyumu yenye brashi au brashi laini ya nguo. Ukimwagia maji kabla ya hapo umetengeneza tope na umelishindilia kwenye nyuzi.

3. Lowesha kwa hosi, maji ya kawaida. Mashine ya presha usisogeze, inafumua mishono na inasukuma maji kwenye maungio.

4. Shampuu ya gari, ile isiyo kali, kiasi kidogo kwenye ndoo ya lita 10. Siyo sabuni ya unga, siyo ya vyombo, siyo jiki. Jiki inaua rangi na inaua uzi, na uzi ndio wa kwanza kuchoka kwenye turubai lolote kwa sababu unakaa juu juani muda wote. Brashi laini, sugua kufuata mfumo wa kitambaa, mbele kwenda nyuma, usizungushe duara wala usikandamize.

5. Suuza. Halafu suuza tena. Bonyeza kitambaa kwa kiganja, kama bado povu linatoka bado hujamaliza. Sabuni iliyobaki inavuta maji na vumbi, ndo maana mtu anaosha leo wiki ijayo limekuwa chafu kuliko mwanzo halafu analaumu shampuu.

6. Futa maji ya juu kwa taulo la maikrofaiba kwa kugandamiza, liache likauke likiwa LIMEFUNGWA. Usikunje turubai bichi. Ukilikunja likiwa na maji umelifungia gizani na joto, siku tatu nne ukungu ushaanza na ile harufu ya godoro lililonyeshewa haitoki kirahisi.

7. Dawa ya kuzuia maji (kwa la kitambaa). Hapa ndo niliharibu mwenyewe kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mwaka wa kwanza niliosha saa nane mchana, saa kumi na moja nikapitisha mkono nikaona kavu, nikapuliza kopo zima. Juu palikuwa pakavu kweli, lakini kwenye mishono na pale kitambaa kinapokunjana juu ya kioo cha nyuma maji yalikuwa bado yamo. Asubuhi natoka naliona turubai jeusi lina mistari meupe na mabaka yenye kingo kingo, kama chumvi kwenye shati jeusi la mtu aliyetoka jasho. Na kwa sababu sikufunika kitu, kioo cha nyuma na buti vyote vimepata ukungu wa dawa, ukifuta kwa kitambaa unachora tu. Nilirudia kuosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, wikiendi mbili nzima, ndo mabaka yakaisha, na dawa yote ikawa imeondoka nayo, nikanunua upya.

Kwa hiyo: osha jumamosi asubuhi saa mbili, puliza jumapili. Masika ongeza siku. Kabla ya kupuliza kata tishu, igandamize kwenye mshono kwa dakika moja, ukiitoa ina unyevu hata kidogo, acha. Funika vioo na bodi kwa magazeti na selotepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Puliza nyepesi mara mbili, siyo nzito mara moja, usikae sehemu moja. Fanya pasipo na upepo na usivute ile hewa. Ukimaliza gari lisiguse maji mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo uishe, na usilikunje.

La vinaili halihitaji hii, lenyewe linahitaji dawa ya kukinga jua isiyo na mafuta. Ile ya kung'arisha matairi usipake kabisa, inateleza, inakusanya vumbi.

8. Mipira ya milango na ya juu ya kioo cha mbele, futa, paka grisi ya silikoni kidogo sana kwa kitambaa. Mpira ukikauka utapitisha maji na utalisingizia turubai.

Hiyo kazi nzima na dawa ni mara mbili kwa mwaka, mimi nafanya kabla ya masika na kabla ya vuli. Katikati ya hapo maji na brashi tu. Maswali karibuni.

MASWALI

Kijana_Tegeta: mkuu kwa hiyo sabuni ya unga kidogo tu haina shida eeh?

Mwandishi: Ina shida. Rudi hatua ya 4.

Kijana_Tegeta: ila nikipunguza?

Mwandishi: Hapana.

Bint Kisauni: Asalaam aleikum kaka, ahsante kwa somo. Mimi nina Mazda MX-5 ile ya taa za kuinuka, 1995, niko Mombasa. Dirisha la nyuma ni plastiki na limekuwa na ukungu wa manjano sioni gari la nyuma usiku. Nalo naliosha hivyohivyo?

Mwandishi: Waaleikum salaam dada. Swali zuri na nilipaswa kuliweka juu. Hiyo plastiki ni laini mno, kosa kubwa ni kuifuta kikavu, kila punje ya vumbi inachora mstari. Mwaga maji mengi kwanza, shampuu kwa mkono au sponji laini, suuza, gandamiza taulo. Dawa za vioo zenye amonia usitumie, zinaifanya iwe na ukungu zaidi na ikauke. Ukungu ulio juu juu unatoka na dawa ya kung'arishia plastiki, ile wanayotumia kwenye taa za mbele lakini ile laini kabisa siyo ya kukwaruza, anza na kona moja ujaribu. Umanjano ulioingia ndani hautoki, hapo ni kubadili kipande hicho tu, fundi siti mzuri anakishona. Na kwa gari lako, kabla ya kushusha turubai fungua zipu ulaze dirisha lenyewe kwanza juu ya taulo safi, ukilikunja na turubai linavunjika mkunjo hasa asubuhi kukiwa na ubaridi.

Bint Kisauni: Zipu!! Miaka miwili nalikunja nalo. Shukran sana.

Mtaalam wa Spidi: Mi napiga presha kila wiki mwaka wa pili turubai liko poa, mnatisha watu bure

Mwandishi: Sijasema litapasuka siku ya kwanza. Angalia mshono wa juu ya dirisha la abiria, vuta taratibu kwa kucha, kama uzi umeanza kufanya manyoya utajua nilikuwa nasema nini. Gari ni lako, mimi nimeandika ninayoyafanya kwa langu na lina turubai la kiwandani.

Mtaalam wa Spidi: una manyoya kidogo

Mwandishi: Wahi kwa fundi siti sasa, mshono mmoja ni kazi ya nusu saa. Mwambie atumie uzi wa poliesta wa turubai, siyo wa nguo, na apite kwenye matundu yale yale ya sindano asitoboe mapya. Mtaa wa Gerezani hapa Dar wapo wanaoijua hiyo kazi.

Arusha Moja: Mkuu swali la kutaka kujua tu. Kama mpira wa katikati ndo unazuia maji, dawa ya juu ya nini tena?

Mwandishi: Hapo umeuliza. Bila dawa kitambaa kinanywa maji, ndani hayafiki lakini kitambaa kinabaki kibichi siku nzima, na huko kwenu kwa baridi ya Juni, Julai siku mbili. Kitambaa kibichi ndo shamba la ukungu na ule ukijani wa pembeni. Pia uchafu wa ndege unaingia ndani ya nyuzi badala ya kukaa juu. Kipimo: mwagia kikombe cha maji, yakisimama vidonge vidonge dawa ipo, yakizama na kitambaa kikawa cheusi zaidi imeisha. Na ukungu ukishaanza, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, pulizia, acha dakika kumi, brashi, suuza sana.

Abuu wa Muskati: Huku Oman mvua ya nadra, shida jua na vumbi. Nifate ratiba hiyohiyo?

Mwandishi: Ndugu yangu kwako hatua ya 2 iwe kila wiki, vumbi likikaa kwenye mkunjo linasaga kitambaa kila unapokunja. Na kivuli kina faida kuliko dawa yoyote. Kava tumia inayopumua, na usivalishe gari lenye vumbi.

Kijana_Tegeta: fundi kaniambia nipake rangi ya viatu lirudi jeusi

Mwandishi: Usipake. Ile ina nta na mafuta, haikauki vizuri, itakuhamia kwenye nguo na kwenye rangi ya gari mvua ya kwanza. Ipo rangi maalum ya turubai za kitambaa, inapakwa kwa brashi, lakini osha kwanza, mara nyingi mtu anafikiri limepauka kumbe ni vumbi la miaka.

Mama Wawili: Jamani kunguru wa Upanga wananimaliza, nimepaki chini ya mwembe.

Mwandishi: Pole dada. Usikwangue uchafu wao ukiwa mkavu. Weka kitambaa chenye maji juu yake dakika kumi na tano, uchafu ulainike, kiinue kitambaa, suuza. Utomvu wa mwembe nao maji ya uvuguvugu na subira. Hama mti ukiweza.

Bint Kisauni: Kaka samahani tena, nikitia breki nasikia maji yanacheza nyuma ya siti.

Mwandishi: Hayo ni matundu ya kutolea maji yameziba, MX-5 anayo nyuma ya siti, kona zote mbili karibu na mkanda. Maji yakikosa njia yanaingia chini ya milango na kutu inakula bodi kutokea ndani. Toa majani kwa mkono, pitisha waya mnene wa plastiki taratibu, usitumie wa chuma, halafu mimina kikombe cha maji uangalie chini ya gari.

Bint Kisauni: Nimetoa majani ya mwarobaini kiganja kizima na tope. Maji yametoka chini, ubavuni mwa tairi la nyuma.

Mwandishi: Safi sana. Sasa fanya upande wa pili, halafu inua zulia la nyuma ya siti uangalie kama sponji yake imeloa.