Makro: sogea wewe, pete ya fokasi iache

Ukimpiga picha mdudu kwa lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana) na umefika ukubwa wa 1:1, yaani mdudu anaangukia kwenye sensa ya kamera kwa ukubwa wake halisi, usihangaike kuzungusha pete ya fokasi, ile ya kurekebisha ukali wa picha. Iache ilipo, kisha yumba wewe mwenyewe mbele na nyuma taratibu mpaka jicho la mdudu lionekane wazi, ndipo ubonyeze. Kwa ukaribu huo, hata kwenye f/11 (tundu la lenzi likiwa dogo) sehemu inayotoka kali ni milimita moja na ushei tu, kwenye f/2.8 (tundu kubwa) haifiki hata nusu milimita. Nenda asubuhi mapema, upepo umetulia na wadudu bado wana baridi, hawaruki ovyo.

Lenzi hii inakaribia sana maua na mchanga, kwa hiyo chavua na vumbi haviishi. Tafadhali usikimbilie kufuta! Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, maana mate huacha madoa, na punje moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kukwaruza kioo. Walioko pwani, Tanga au Mombasa, msiifungie kwenye begi ikiwa na unyevu: fangasi huota ndani ya vioo. Ihifadhini kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu.