Kuchagua rimu na tairi za Datsun 240Z yenye fenda pana

Kijana mmoja wa mtaa wa Soweto hapa Mbeya aliniletea Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani la miaka ya 1970, iliyobandikwa fenda pana, na rimu alishanunua kwa kuangalia picha. Za nyuma zilipofungwa, tairi likagusa shokapu. Ukweli ni kwamba fenda pana hukuongezea nafasi ya nje tu. Ndani, kwenye shokapu na kikombe cha springi, nafasi ni ileile ya kiwandani. Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 linastahili kuvishwa kwa vipimo.

1. Habu
Matundu ni manne, PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti) ni mm 114.3. Bolti ni M12x1.25, yaani unene mm 12 na hatua ya uzi mm 1.25. Nati za Toyota zilizojaa gereji zetu ni M12x1.5: zinashika mizunguko michache, zinakaza, kisha zinakula uzi wa bolti. Nati isipoingia kwa vidole, usiipeleke spana.

2. Tairi kabla ya rimu
Tairi la zamani la 175 la inchi 14 lina kipenyo cha karibu mm 635. 205/60R15 (upana mm 205, ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 15) ni mm 627, linafaa sana kwa rimu ya inchi 7. 225/50R15 ni mm 606, linakaa vizuri kwenye rimu ya 8, ila gari linashuka mm 15 na matuta ya barabara ya Tunduma utayasikia tumboni. Sikubali tairi jembamba kuvutwa kwenye rimu pana. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

3. Hesabu ya ofseti
Ofseti, inayoandikwa ET, ni umbali wa mm kati ya katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Ukitoka rimu ya inchi 7 ET0 kwenda ya 9 ET-10, upana umeongezeka mm 50, yaani 25 kila upande. Ofseti inasukuma rimu nje mm 10. Kwa hiyo nje inatoka mm 35, ndani inaingia mm 15. Fanya hesabu hii kabla hujatuma pesa.

4. Kupima garini
Hapa ndipo siku huisha, na hapa usiharakishe.

Weka gari kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Toa springi kwa kibanio chake. Springi iliyobanwa ikifyatuka inavunja mkono. Rudisha shokapu tupu, kisha funga rimu yenye tairi lililojazwa upepo. Azima hata tairi chakavu, mradi saizi ni ileile. Lakini kampuni mbili zikiandika 225, mbavu zake hazilingani, kwa hiyo la kununua lipime tena.

Kanda unga wa ngano uwe mgumu, bandika donge kwenye shokapu, chini ya kikombe cha springi na kwenye ukingo wa fenda. Pandisha gurudumu kwa jeki hadi lifike kwenye raba ya kikomo. Mbele, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, halafu kushoto, gurudumu likiwa juu, katikati na chini. Tairi likiwa limenyooka linaweza kupita safi, likakamata kona ya mbele ya fenda ukikata kona.

Pima unene wa unga uliobaki. Kwenye shokapu mm 6 zinatosha, kwa sababu tairi na shokapu hupanda na kushuka pamoja. Kwenye fenda nataka mm 15, maana bodi hulala kwenye kona, na kona za mlima Kitonga ukiwa na abiria na mizigo hazina huruma. Pima pande zote mbili. Gari la umri huu mara nyingi limeshanyooshwa bodi.

Nafasi ikikosekana ndani, tafuta rimu yenye ofseti sahihi. Spesa ya kuteleza, yaani sahani inayopachikwa tu kati ya habu na rimu, inayopunguza uzi unaoshikwa na nati siifungi kwenye gari la mtu.

5. Kufunga
Kaza nati kwa msalaba, yaani moja kisha ya mkabala wake, fanya alaimenti. Baada ya kilomita 100 kaza tena nati, kisha pitisha mkono ubavu wa ndani wa kila tairi ukitafuta mkwaruzo.