Kusoma lebo ya kiyoyozi kabla hujatoa pesa

Assalaam alaykum wanachama. Kaskazi imeshaingia, na swali ninaloulizwa kila nikipita sokoni Darajani, hapa Unguja, ni moja: "Fundi, AC gani haili umeme?" Isiyokula hakuna. Ila ipo inayokula kidogo ikakupa baridi yako yote, na ipo inayomaliza Tukuza (umeme wetu wa kulipia kabla) huku umelala unatoka jasho. Tofauti imeandikwa kwenye chombo chenyewe. Wengi wetu tunahesabu nyota, tunatazama rangi ya kijani, tunalipa. Leo tusome namba.

Hatua ya 1: Tafuta kibandiko kidogo.
Lebo kubwa ya rangi iwache kwanza. Ubavuni mwa kasha la nje pana kibandiko cha maandishi madogo. Chukua namba mbili hapo: uwezo wa kupoza, kwa BTU au kwa wati, na umeme unaovutwa, kwa wati. Zisikuchanganye. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huandikwa uwezo wa kupoza wati 3,500 hivi, na nimewaona wateja wakikimbia wakidhani ndio umeme kinaokula. Hapana, hilo ni joto kinaloliondoa chumbani. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto la ndani na kulitupa nje, na kubeba ni rahisi kuliko kutengeneza. Ndiyo maana wati 1,000 za umeme zinaweza kuhamisha wati 3,500 za joto.

Hatua ya 2: Gawa.
BTU gawanya kwa wati za umeme. Jibu linaitwa EER. Jibu kubwa ndilo zuri.

Tuseme mbele yako pana viyoyozi viwili vya BTU 12,000. Kimoja kinavuta wati 1,500: EER yake ni 8. Cha pili kinavuta wati 1,000: EER ni 12. Baridi ni ile ile. Uniti moja ya Tukuza ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Ukilala nacho saa 8 kikienda kwa nguvu zote, cha kwanza kinakula uniti 12, cha pili 8. Uniti 4 kila usiku, uniti 120 kwa usiku 30. Kweli, kompresa (pampu ya gesi iliyomo kwenye kasha la nje) haiendi kwa nguvu zote usiku kucha, kwa hiyo matumizi yenyewe yatakuwa chini ya hapo. Lakini chukua bei ya uniti kwenye risiti yako, zidisha, kisha ulinganishe na ile tofauti ya bei dukani. Hesabu hii ndiyo ninayotaka kila mmoja wenu aifanye akiwa bado dukani, pesa iko mfukoni.

Hatua ya 3: Jua namba imepimwa wapi.
Hapa ndipo watu wanapoumia. EER ya kawaida hupimwa nje pakiwa na nyuzi 35. Vyombo vilivyotengenezwa kwa nchi za Ghuba vingi hupimwa kwa nyuzi 46, na kibandiko kinasema T3. Kwa joto hilo namba hushuka, kwa hiyo usikilinganishe na cha T1 (kile cha nyuzi 35) ukakiona kibovu.

Kisha ipo SEER, ambayo inapima msimu mzima, si saa moja ya joto kali. Kwa inveta hii ndiyo ya kuitazama, maana inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka, na usiku wetu hauna nyuzi 35. Lakini SEER ya Marekani ni BTU kwa wati, ya Ulaya ni wati kwa wati. Ukiona 18 ya Marekani na 6.1 ya Ulaya, ya Ulaya ndiyo bora: zidisha 6.1 kwa 3.4 utapata karibu 21. Hiyo 6.1 ndipo daraja la A++ la Ulaya linapoanzia. A+++ inaanzia 8.5.

Na lile tarakimu la uniti kwa mwaka kwenye lebo ya Ulaya, lisahau kabisa. Limehesabiwa kwa saa 350 za kupoza kwa nguvu kamili. Sisi kiangazi chetu hakiishi kwa saa 350.

Hatua ya 4: Ukubwa.
Chumba cha kulala cha futi 12 kwa 12 chenye dari, BTU 9,000 zinatosha. Kama juu ni bati tupu, weka dari kwanza. Hiyo pesa haipotei.

Maswali ya wanachama

*Wete: Nimepata mtumba wa Dubai bei nzuri, kibandiko kimefutika. Nichukue?*
Ndugu yangu, mwombe muuzaji akiwashe, fundi apime ampea kwa klempu (kipimo kinachobana waya). Ampea zidisha kwa volti 230 utapata wati kwa makisio. Akikataa kukiwasha, ondoka.

*Jang'ombe: Shemeji anataka kuniletea kutoka Jeddah. Huko si volti 220 kama kwetu?*
Volti zinakaribiana, lakini Saudia umeme wao ni hezi 60, wetu ni 50. Kompresa isiyo ya inveta itazunguka polepole, baridi itapungua na mota itapata moto. Atazame kibandiko: pakiwa pameandikwa 50/60, alete. Pakiwa na 60 peke yake, mwambie asihangaike.

*Shangani: Nyumba ya mawe, dari iko juu sana. Nichukue BTU 24,000 nipumzike?*
Bibi, usikimbilie huko. Kikiwa kikubwa kupita chumba, kinapoza haraka na kuzima kabla hakijavuta unyevu, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Utalala kwenye ubaridi wa majimaji. Pima chumba, uchukue inveta ya saizi yake, na feni iende pamoja nayo. Ukiiweka nyuzi 26 utalala vizuri.

*Nungwi: Changu kina EER 12 lakini mwaka wa pili uniti zimepanda.*
Chumvi ya bahari. Imeziba na kula mapezi (vile vibati vyembamba) ya kasha la nje, joto halitoki, kompresa inasukuma bila kupumzika. Kioshe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, kimezimwa kwenye swichi kuu, kila baada ya miezi 3. Chujio la ndani, kila wiki 2. Fundi akija na mtungi wa gesi kabla hajaosha, mwambie aoshe kwanza.